Kunde Zilizohukumiwa

Watu walimwita Mama Kitambaa, na jina lenyewe hakulikataa. Kuna wanaopewa jina la utani wakanuna mpaka uzeeni. Yeye akiitwa hivyo njiani alikuwa anaitika huku kidevu kimepanda juu kidogo, maana jina hilo alilitolea jasho. Kila mvua zikikaribia, wanawake wenye vishamba kule bondeni walikuwa wanapita kwake na mbegu zao kiganjani au kwenye fundo la nguo. Anazipanga juu ya kitambaa kilicholowa, kipande cha shati kuukuu la mume wake, anakiviringisha, anakifunga uzi, anakiweka ndani ya beseni lenye kifuniko karibu na jiko. Baada ya siku kadhaa anafungua. Zilizotoa kimkia cheupe ni hai, zilizolala ni maiti. Halafu anatoa hukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa: hizi panda, hizi panda mbilimbili kwa shimo, hizi wape kuku.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, na hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno yote haya. Mama huyo alikuwa na kunde zake, nyekundu zenye jicho jeupe, ambazo dukani huzipati hata ulie. Zilikuwa zinaiva upesi na jua halikuzibabaisha. Alipoona nguvu zinamwisha aliwaita wanawake wawili wa nyumba yake, binti yake na mke wa mwanawe, akawagawia kazi. Makopo ya kunde akampa mkamwana ayatunze, kopo kubwa liwe la akiba, ziada auze. Binti akapewa kupima.

"Mtunzaji asipime, atazihurumia," alisema. "Na mpimaji asitunze. Mkifanya hivyo hamtadanganyana."

Binti akajibu, sawa, mama. Moyoni haikuwa sawa hata kidogo. Makopo ya mama yake mzazi yalibebwa mbele ya macho yake na mtu aliyeingia kwenye ukoo kwa ndoa, na yeye akaachiwa kitambaa. Alimeza, akanyamaza. Wifi yake naye alikuwa mtu mpole asiye na makuu, na mtu wa namna hiyo anaudhi, kwa sababu hata ukitafuta pa kumshikia ugomvi hupaoni. Basi walielewana. Walitembeleana, walicheka pamoja, walifichiana siri za waume zao. Lakini lile la makopo lilibaki limekaa kifuani linangoja siku yake.

Wifi alikuwa na meza sokoni, makopo yamepangwa kwa urefu kama watoto wa shule, na watu wakamwita Mama Makopo. Kila msimu, kabla hajauza hata punje, alikuwa anampelekea mwenzake konzi moja ya kunde. Hakuwahi kuchungulia kitambaa wala kuuliza mara mbili. Akiambiwa panda, anauza. Mwaka mmoja aliambiwa kopo fulani limeingia unyevu, akalimwaga lote bila neno.

Sasa tuje kwenye mafuta. Juu ya lile bonde, kwenye mteremko, lilikuwa limefukiwa bomba la mafuta ghafi, yale meusi yanayotoka ardhini kabla hayajasafishwa. Watu wa bondeni hawakuwa na habari nalo zaidi ya vile vibao vya njano vinavyokataza kuchimba. Likaja likapasuka. Ukatoka uchafu mweusi mzito, ukatambaa kwenye majani, na kila ulipopita majani yakalala. Wakaja wanaume wenye ovaroli na buti, wakazungusha utepe, wakakwangua udongo mweusi, wakaupakia kwenye malori, wakamwaga udongo mwekundu juu yake. Bwana mmoja mwenye kofia ngumu akasimama juu ya jiwe akawaambia watu mambo yamekwisha, endeleeni na kilimo chenu. Watu wakampigia makofi. Ndiyo, walimpigia makofi, na mimi mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu.

Na kwa juu yalikuwa yamekwisha kweli. Kwa chini ndiko mafuta yalikokuwa yanaendelea na safari yao polepole, hayana haraka, mpaka yakafika kwenye kisima cha bondeni. Kisima hicho hakikuwa cha kunywa. Maji ya kunywa watu walikuwa nayo majumbani. Kilikuwa cha shamba tu. Wanawake wakaanza kuona utando wenye rangi rangi umetanda juu ya maji. Wakajifunza kuyapiga kwa kitako cha ndoo, utando ukimbilie pembeni, ndipo wachote. Harufu waliilalamikia mwanzoni, halafu pua zikazoea, na pua ikishazoea hiyo basi tena.

Dalili zilikuwepo, tusidanganyane. Bamia zilikuwa zinapauka majani kuanzia ukingoni. Wakasema jua. Ukimwagilia tuta, maji yanaviringika juu ya udongo vitone vitone na kuteleza kando, hayazami. Wakasema udongo umechoka. Msimu uliofuata kunde ziliota kwa mapengo, mstari huu miche mitatu, mstari ule mmoja. Wakasema ndege. Kila kitu kilipata wa kusingiziwa, isipokuwa kisima.

Msimu uliofuata huo, Mama Makopo akaleta konzi yake kama kawaida. Mama Kitambaa akapanga kunde, akalowesha kitambaa kwa maji ya kisimani. Hapo nataka tuelewane vizuri, maana wengi baadaye walimwona mjinga, naye hakuwa mjinga. Mama yake alimfundisha kwamba mbegu inapimwa kwa maji itakayokutana nayo shambani, si kwa maji ya nyumbani ya kuidekeza. Kwa hiyo kila mara alikuwa anashuka bondeni na kidumu kidogo kwa ajili ya kazi hiyo tu, jua liwake, mvua inyeshe. Mpimaji mvivu angekinga maji pale pale uani, na kunde zingeota.

Alipofungua, hakuna kilichotoa mkia. Akafunga tena, akangoja. Kufungua mara ya pili akakuta kunde zimevimba, zimelainika, zina ute wa kahawia, ukibonyeza zinapasuka. Akamwomba wifi konzi nyingine kwa kisingizio, akarudia kazi upya. Mambo yakawa yale yale. Msimu ulikuwa umeshabana, wateja wanasukuma, na wifi kwa mara ya kwanza alikuwa ameanza kuuza kabla ya hukumu.

Angeweza kwenda nyumbani kwa mwenzake, wakakaa wakazungumza. Alijua hivyo. Alifika mpaka njia panda, kushoto kwa wifi, kulia sokoni, akasimama. Kisha lile lililokuwa limekaa kifuani miaka yote likainuka, likamshika mkono, likampeleka kulia.

Sokoni palikuwa pamejaa, ndio msimu wenyewe wa kununua mbegu. Alikifungua kitambaa juu ya meza, katikati ya makopo, watu wanatazama.

"Tazama mwenyewe, wifi," alisema, na sauti hakuipunguza. "Hizi ndizo kunde alizokuachia mama. Umezikalia mpaka zimeoza."

Mama Makopo alitazama ule ute. Alinyoosha kidole akagusa punje moja, ikapasuka. Wateja waliokuwa wamenunua tayari wakaanza kuguna na kufungua mafundo yao.

"Umezipima vizuri?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Mara mbili. Lini nimewahi kukosea?"

"Hujawahi," alisema wifi. "Basi zimekufa."

Hakujitetea. Hakusema panya, hakusema unyevu, hakusema labda. Aliwarudishia watu pesa zao, akapokea kunde zake, akaanza kufunika makopo moja moja. Mama Kitambaa aliondoka pale kifua mbele, na kile kifua mbele hakikufika nyumbani. Njiani kilikuwa kimeshasinyaa. Alijiambia kwamba amesema kweli na mtu akisema kweli hana cha kujutia. Kunde kavu zilizobaki kwenye ile konzi ya pili alizirusha nyuma ya jiko, kuku wale, akaingia ndani.

Meza ya mbegu haikuonekana tena. Wale waliokwisha kupanda kunde zile bondeni walingoja, hakikuota kitu, na maneno yakazidi: Mama Makopo anauzia watu maiti. Mwanamke wa watu akahamia kwenye nguo za mitumba, akawa anafua, anapiga pasi, anatembeza. Walipokutana njiani wawili hao walisalimiana, wifi hujambo, sijambo, za nyumbani, nzuri, wakapishana. Kutembeleana kuliisha bila mtu kutangaza. Mama Kitambaa akawa anapika chakula kinatosha na mgeni, na mgeni haji, na yeye hasemi anamngoja nani.

Mume wake alikuwa fundi mwashi, mtu wa mzaha, asiyeweza kunyamaza hata akiwa na msumari mdomoni. Siku moja asubuhi alitoka uani kumwaga maji ya kunawia, akarudi anacheka.

"Mke wangu, kuku wako wamekuwa wakulima. Wamekupandia kunde nyuma ya jiko."

"Kuku wangu hawana akili hiyo."

"Basi nenda ukamuulize aliyepanda, mimi nitajuaje."

Akaenda kutazama kwa uvivu tu. Nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, palikuwa na rundo la matofali mabovu ya fundi, na katikati ya matofali, kuku wasikofikisha midomo, kulikuwa na miche ya kunde. Miche mizuri. Majani ya kijani yaliyokolea, vikonyo vimesimama. Aliinama, akafukua kidogo kwa kidole, akakuta ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kikonyo kimoja. Lilikuwa jekundu, lina jicho jeupe.

Alikaa chini pale pale kwenye tope. Zile kunde alizirusha mwenyewe kwa mkono wake. Zilitoka kwenye kopo lile lile. Aliwaza mara jua, mara udongo, mara bahati, akazunguka kote huko kwa sababu aliona mawazo yanapokwenda na hakutaka kufika. Mwishowe akafika. Hapa zilikunywa maji ya nyumbani, maji ya vyombo. Kwenye kitambaa zilikunywa maji ya kisimani.

Hakusema na mtu. Alichukua mahindi ya kawaida, akayaweka kwenye visahani viwili juu ya vipande vya nguo, kimoja akakimwagia maji ya nyumbani, kingine ya kisima. Akavifunika, kila kimoja peke yake, akavingoja akiwa hana raha, hata mchana alikuwa anaacha kazi anakwenda kuvitazama vikiwa vimefunikwa. Alipofunua, cha kwanza mahindi yalikuwa yametoa mikia. Cha pili, kabla hajaona kitu, ilimpiga harufu iliyokuwa imefungiwa humo, ile ambayo karibu na jiko moshi ulikuwa unaimeza. Fundi alikuwa kizingitini anavaa viatu. Naye ikamfikia.

"Nani ameleta gereji humu ndani?" aliuliza.

"Ni maji ya bondeni," alisema mke wake, kisha akaanza kulia. Fundi, ambaye alikuwa na neno lingine la mzaha tayari, akalirudisha, akaja akakaa karibu naye na kiatu kimoja mguuni.

"Nimemvunjia mtu jina lake," alisema mke wake. "Nimemfungia meza yake. Kwa maji."

"Hukujua."

"Sikujua maji. Lakini kwenda kumwaibisha sokoni, hilo nilijua nafanya nini."

Fundi akamwambia tu, nenda kamwambie, leo hii, usingoje kesho.

Alitaka kwenda na ushahidi. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuonyesha, si mtu wa kusimulia. Alipomhukumu wifi alikwenda na kitu mkononi, na alipokwenda kumfutia hukumu hakutaka aende na maneno tu. Pia aliona haya. Ukiwa na aibu unataka uwe umeshika kitu. Akaenda nyuma ya jiko, akaondoa matofali, akaing'oa miche yote na mizizi yake, wifi aone mzizi, aone na ganda. Akaitikisa udongo iwe safi, akaifunga kwenye gazeti, akatoka. Pale kisimani alipita, akawakuta wanawake wawili wanachota, akawaambia wasimwagilie tena, maji yana mafuta, na akawaambia habari ya visahani. Walimtazama, wakatazama ndoo zao, mmoja akainusa yake kwa mara ya kwanza tangu lini sijui. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alitembea haraka.

Wifi alikuwa chumbani anapiga pasi, pasi ya mkaa, shati la mtu limelazwa juu ya meza. Meza ilikuwa ile ile ya sokoni. Nguo zilikuwa zimerundikwa mpaka dirishani.

"Karibu, wifi," alisema, kama vile walionana jana. "Sogeza hizo nguo ukae."

Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kisima, mafuta, kitambaa, mahindi kwenye visahani, yamemtoka bila mpangilio, mpaka akafika kwenye habari ya sokoni.

"Kunde zako zilikuwa nzima, wifi. Mimi ndiye niliyezinywesha sumu, halafu nikakusimanga mbele za watu. Na sikufanya vile kwa ajili ya kunde tu. Nilikuwa na kinyongo na wewe tangu mama akupe yale makopo. Nisamehe."

Mama Makopo aliweka pasi pembeni, akaisimamisha vizuri isije ikaunguza.

"Kinyongo nilikijua," alisema. "Hata mama alikijua. Kaa basi."

Hapo ndipo Mama Kitambaa alipofungua gazeti. Wifi aliinama. Aliokota mche mmoja, akaugeuza, akaona ganda, akalitambua, na uso wake ukafunguka. Alicheka, kile kicheko chake cha zamani, mkono umefunika mdomo.

"Zimeota," alisema. "Kumbe wanangu ni wazima."

"Ni wazima. Sasa tuanze upya, wifi. Tutapanda hapa uani kwako na kule kwangu nyuma ya jiko, tumwagilie maji ya nyumbani. Toa lile kopo kubwa la akiba. Msimu ujao unarudi sokoni, na mimi nitasimama kwenye meza nitangaze mwenyewe."

Kicheko kikazimika.

"Kopo lipi?" aliuliza wifi.

"La akiba. Lile mama alilosema lisiuzwe."

"Wifi, hakuna kitu kwenye kopo. Nilizipika."

Mama Kitambaa alidhani hakusikia vizuri. "Zilizorudishwa na watu?"

"Zote. Zilizorudishwa, za kuuza, za akiba. Siku zile hatukuwa na kitu ndani, meza nimefunga, watoto wanataka kula. Nikazipika mpaka zikaisha. Kakako alisema tubakize hata kikombe, cha kumkumbukia mama. Nikamwambia tuweke maiti ndani ya nyumba kwa nini."

"Hukupima hata chache? Wewe mwenyewe, hapa, kwa maji yako?"

"Mama alisema mimi nisipime." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo wanalolijua wote. "Kupima ni kwako. Na wewe ulisema zimekufa."

Mama Kitambaa alikaa sasa, juu ya nguo za watu, bila kuzisogeza. Alikuwa anawatafuta kichwani wote waliowahi kununua kunde zile: wa misimu ya nyuma walikula mavuno yote wakijua watanunua tena, waliopanda bondeni safari hii zimewaozea, na waliobaki walirudisha. Hakumpata mtu. Wifi naye alikuwa amerudisha macho kwenye gazeti. Alikuwa anaigusa miche kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Majani yalikuwa yameshalegea kwa jua la njiani, na vile vimizizi vidogo vilikuwa vimekauka, vimekuwa kama nyuzi.

"Basi ni hii tu," alisema. "Huko nyuma ya jiko umeacha mingapi?"



"Sikuacha. Nimeng'oa yote. Nilitaka uone kwa macho yako, wifi. Nilitaka uniamini."

Mama Makopo alimtazama, na machoni mwake hamkuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza mwenzake kuliko matusi.

"Mimi ningekuamini hata ungekuja mikono mitupu," alisema. "Lini nimewahi kutokukuamini?"

Mama Kitambaa alilia kwa sauti, mtu mzima yule, akiwa ameegemea rundo la mashati. Wifi alimwacha alie. Alichukua ndoo iliyotoboka kitako, akatoka akaijaza udongo wa uani, akarudi akamshika mkono akamwinua. Wakachuchumaa wote wawili, wakatoboa vishimo kwa vidole, wakaipanda miche mmoja mmoja, huyu anashikilia kikonyo, yule anakandamiza udongo. Kila walipoachia mkono, mche ulilala. Waliuinua, wakaushindilia tena, ukalala. Mama Kitambaa alijua. Kazi yake maisha yote ilikuwa kujua kitu kama hicho kwa kukitazama. Lakini wifi alikuwa amekwenda kuchota maji, na aliporudi na kikombe alianza kumwagilia taratibu asije akaufukua mzizi, basi na yeye akaendelea kushikilia.